Viboksi Vyeusi Haviandikwi

Kwenye arobaini ya Bibi kila mtu alikuwa na kitu anachokigombea. Shangazi Mwajuma alichukua sanduku la kanga. Baba mdogo akachukua redio ambayo haijashika stesheni hata moja tangu nizaliwe. Mimi, kwa kuwa ni mwanafunzi wa kidato cha tatu na watu wazima wanaamini mwanafunzi hana haja na vitu, nikapewa ufagio nifagie chini ya kitanda. Huko ndiko nilikokutana na kiroba.

Kilikuwa kiroba cha sukari cha kilo hamsini, kimefungwa mdomo kwa kipande cha kaniki. Nilipokifungua ikanipiga harufu ambayo siwezi kumweleza mtu asiyewahi kulala chumba kimoja na Bibi: magazeti ya zamani, mafuta ya nazi, ubani, na kitumbua kilichosahaulika humo tangu sijui lini. Nikapiga chafya tatu. Ile ya tatu ikanirudisha kwenye treni ya Pugu, nina miaka tisa, nina mafua, na nakaribia kufanya jambo la kishenzi kuliko yote niliyowahi kufanya mbele za watu. Sijawahi kuliombea msamaha na sina mpango huo.

Tulikuwa tunaishi Kariakoo, nyumba ya vyumba sita iliyobanwa na maduka ya vitenge, na kila Jumamosi asubuhi Bibi alikuwa anaenda Pugu kumwona mdogo wake. Nilikuwa mzigo wake wa kudumu. Mizigo mingine ilikuwa kapu la miyaa, hotpoti ya vitumbua, gazeti la siku hiyo na peni ya bluu. Tukishakaa tu kwenye siti, Bibi analikunja gazeti mpaka unabaki ukurasa wa chemshabongo, ile yenye viboksi vya kushuka na vya kwenda kulia, kisha anaanza kujaza. Hatumii penseli. Hafuti. Haulizi mtu. Treni ikifika Buguruni viboksi vyote vimeshajaa, naye anafunga peni na kutazama nje kama mtu aliyemaliza kuosha vyombo.

Shuleni nilimtangaza Bibi kuliko watoto wengine walivyotangaza magari ya baba zao. Nilikuwa nachungulia anachoandika, na ni kweli sikuwahi kuelewa neno hata moja, lakini hilo halikunisumbua. Nilidhani kuna maneno ya watu wazima ambayo yanafunguka ukiota mvi. Sisi wa darasa la tatu tulikuwa bado tuko kwenye maneno ya watoto.

Jambo lililonisumbua ni miwani. Mpangaji akileta barua ya hospitali au karatasi ya shule asomewe, Bibi anaipokea kwa heshima, anaitazama, anaguna, halafu anairudisha. "Miwani yangu iko kwa fundi, mwanangu." Miwani ya Bibi ilikaa kwa fundi tangu nipo chekechea. Nikaona huyo fundi ni mwizi. Siku moja nikitoka shule nikapita kwa fundi saa na miwani pale Mtaa wa Msimbazi, nikasimama mbele ya kimeza chake na begi mgongoni.

"Naomba miwani ya bibi yangu."

"Bibi gani?"

"Unamjua. Miaka yote hii hujamaliza?"

Yule baba aliapa hana. Nikamwambia Mungu anamwona. Akanifukuza kwa kitambaa cha kufutia vioo, nami nikaondoka nikiwa na hakika zaidi kuliko nilivyokuja. Sasa usiniulize mbona sikujiuliza mtu asiye na miwani anajazaje viboksi vidogo kama punje za mahindi. Nilikuwa na miaka tisa na mafua yasiyoisha. Akili ilikuwa na mambo mengi ya kushughulikia.

Ikaja Jumamosi ambayo Mama Pili alipanda treni na sisi. Mama Pili alikuwa mpangaji wa chumba cha uani, muuza barafu za ukwaju. Kama umewahi kupanga nyumba moja na mtu ambaye ukikohoa chooni yeye keshafika na habari sokoni, basi unamjua, sina haja ya kukueleza. Alikaa karibu na Bibi. Mbele yetu, magoti yakikaribia kugusana na yetu, alikaa baba mmoja wa shati la mikono mirefu, peni tatu mfukoni, nyekundu, bluu na nyeusi, na miwani ambayo niliona mara moja kuwa haijawahi kwenda kwa fundi.

Alikuwa na gazeti lilelile, ukurasa uleule. Na alikuwa amekwama. Mtu aliyekwama kwenye chemshabongo anajulikana: anatafuna mfuniko wa peni na kutazama dirishani kana kwamba jibu limebandikwa kwenye mabati ya watu. Kila akirudisha macho anaikuta peni ya Bibi inakwenda tu, kiboksi baada ya kiboksi. Mwishowe akashindwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba."

"Samahani. Kumi na mbili kushuka umeweka nini? Hizi mimi huwa namaliza kabla ya chai, lakini ya leo imenikalia kooni."

Peni ya Bibi ikasimama. Mama Pili akageuka mwili mzima.

"Muulize huyo huyo," akasema. "Pale nyumbani ndiye msomi wetu. Ila miwani yake haijawahi kurudi kutoka kwa fundi. Na leo anaandika bila miwani. Makubwa."

Alilisema taratibu, huku anatabasamu. Nikamwona kama mtu aliyeisubiri siku hiyo kwa muda mrefu.

Mimi nikaona ndiyo nafasi yangu ya kumtangaza Bibi hadharani. Nikainama juu ya gazeti lake nisome jibu kwa sauti, gari zima lisikie. Kumi na mbili kushuka. Kulikuwa na R, ikafuata N, ikafuata T, halafu A mbili, halafu kitu kama M iliyolala ubavu. Nikajaribu kulitamka. Ulimi ukagoma. Nikahamia la pembeni yake, nalo likagoma. Hapohapo Bibi akanifinya paja.

Mimi kufinywa nimekusomea. Kuna finyo la adabu, linazungushwa. Hili halikuzungushwa. Lilishika tu, likakaa. Nikainua macho nikaiona sura ya Bibi, na nilikuwa nimeshaiona mara nyingi, kwa sababu ilikuwa sura yangu: mwalimu anakaribia dawati, na daftari halina kitu.

Nikaelewa yote kwa mpigo. Miwani haikuwahi kuwepo. Fundi wa Msimbazi nilimtukana bure. Zile herufi Bibi alizinakili kwenye vichwa vya habari na kwenye kanga zake, moja moja, kama mtu anayechora maua. Na nikajua pia kuwa Mama Pili akilipata gazeti lile mkononi, tukirudi jioni mtaa mzima utakuwa umeshajua, na hakuna mpangaji atakayemwita tena Bibi msomi, hata kwa utani.

Bibi alikunja gazeti mara mbili, akainua kiuno kidogo, akalikalia.

"Mimi siku hizi sijibu," akasema. "Namfundisha huyu mke mwenzangu." Mke mwenzake ni mimi. "Baba, lete lako hilo tumpime mtoto. Mke mwenza, soma."

Yule baba akashangaa lakini akalitoa. Nikalipokea, nikapandisha kamasi, nikasoma.

"Tui la kwanza kukamuliwa. Viboksi vinane. Cha pili kina I."

"Kasimile," akasema Bibi kabla sijafunga mdomo.

Nikahesabu kwa vidole. Ilitosha. "Ila Bibi, kasimile ya pili ni A. Hapa pana I."

"Basi siyo hiyo," akasema yule baba.

"Tui la kwanza ni kasimile tangu mama yangu hajaolewa. Hiyo I imetoka wapi?"

"Imetoka kwenye mwiko," nikasema. "Ameandika mwiko, kulia."

"Soma swali la huo mwiko."

"Kijiko cha kifuu cha nazi, cha kuchotea mchuzi."

Bibi alimtazama yule baba kwa huruma kubwa. "Baba, umeoa?"

"Nimeoa, mama."

"Mpe pole. Mwiko ni wa mti. Cha kifuu ni upawa."

Mtu wa siti ya nyuma akacheka mpaka akakohoa. Yule baba akasema ameshaandika kwa peni. Bibi akamwambia hata yeye huandika kwa peni, na kwamba mtu akikosea anakata, hafungwi. Yule baba akatoa peni nyekundu akaukata mwiko wake mwenyewe, kama mwalimu anayejisahihisha, nami nikaandika juu yake UPAWA kwa mwandiko wangu wa darasa la tatu, mkubwa na mchafu. Mara KASIMILE ikaingia kama imepakwa mafuta.

Nikanogewa. Mimi nina herufi ila sina majibu, Bibi ana majibu ila hana herufi, na kati yetu kuna mkono mmoja wenye peni. Nikasoma jingine. "Mkanda wa miyaa uliosukwa, wa kushonea mikeka. Vitano, unaanza na U."

"Umeukanyaga," Bibi akamwambia yule baba.

Akatazama chini. Kiatu chake kilikuwa juu ya ukingo wa kapu letu.

"Ukili huo. Toa mguu."

Akatoa mguu. Punje za mpunga zilizobaki kwenye mchele, chuya. Mtoto wa kitukuu, kilembwe, na hilo alilijibu akiwa anafungua hotpoti. Watu wa siti za jirani wakawa wananisikiliza nikisoma, kisha wote wanageuka kwa Bibi kumsubiri. Buguruni tulishaipita na sikuiona. Likabaki moja, la viboksi vinne, na E ya mwisho wa kasimile ilikuwa imeangukia humo kwenye kiboksi cha pili.

"Mchezo wa wasichana," nikasoma. "Wawili wanarusha mpira, wa katikati anakwepa."

Bibi akaanza kufunika hotpoti. Nikajua mara moja kwamba hili hana. Enzi zake hawakuwa wanalicheza, au walikuwa na jina jingine, au alikuwa jikoni.

"Eeh," akasema Mama Pili. "Leo imefika."

"La mwisho mwalimu anamwachia mwanafunzi," akasema Bibi, macho yakiwa nje.

Mimi nilikuwa bingwa wa mchezo huo. Nilikuwa nimevunja dirisha la ofisi ya walimu kwa mchezo huo. Nikaandika tu, polepole, wakinitazama: REDE. Kisha nikamrudishia yule baba gazeti lake, limejaa kona mpaka kona, na mtu wa siti ya nyuma akapiga makofi mawili.

Ningependa kukwambia mambo yaliishia hapo. Lakini yule baba alikuwa amefurahi kwa moyo mweupe, na watu waliofurahi kwa moyo mweupe ndio hatari.

"Sasa mama," akasema, "lete na lako tulinganishe."

"Ndiyo, tulione," akasema Mama Pili. "Umelikalia hapo. Inuka kidogo nikuvutie." Na mkono wake ukaanza safari.

Bibi hakuinuka. Vidole vya Mama Pili vilikuwa vimeshashika pembe ya gazeti. Nikatangulia. Nikalichomoa mimi, nikalikunjua likafunika uso wangu wote, nikapenga.

Nilipenga mafua ya mwezi mzima. Nilipenga kutoka kwenye visigino. Nilipomaliza upande mmoja nikageuza, nikapenga upande wa pili, nikafutia na kidevu, kisha nikamnyooshea Mama Pili kwa mikono miwili kama tunavyofundishwa kuwapa wakubwa kitu.

"Hili hapa, Mama Pili."

Akajivuta nyuma mpaka kichwa kikagonga mbao. Yule baba akagundua ghafla kuwa dirishani kuna mambo ya maana. Bibi akasema mtoto huyu hana adabu, sijui amefunzwa na nani, akalinyakua gazeti, akalifinyanga likawa donge, akalitupa nje. Halafu akanipa vitumbua viwili, palepale, mbele ya wote walionisikia nikitukanwa. Nilivila na pua nyeusi ya wino mpaka Pugu.

Kutoka stesheni tulitembea, na kapu alilibeba yeye, jambo lisilo la kawaida.

"Zile zangu," akasema mwishowe. "Zilikuwa zinasemaje?"

"Hazikusema kitu, Bibi."

"Hata moja?"

Nikafikiria. "Kuna moja ilikuwa inataka kuwa tai. Ikaghairi."

Akacheka mpaka akaliweka kapu chini. Kisha akaniambia, si kwa masikitiko, zamani aliwahi kukaa ofisini kwa watu akisubiri kuitwa, ameshika gazeti ili asionekane mshamba, na karani akamwambia mbele ya foleni, mama, umelishika kichwa chini. Tangu siku hiyo akachagua ukurasa wenye viboksi. Viboksi havina juu wala chini. Na mtu mwenye peni mkononi haambiwi kitu.

"Sasa nifundishe," akasema. "Usiponifundisha nitasema kwa mama yako lile dirisha la walimu nani kalivunja."

Ndivyo ilivyoanza. Kila Jumamosi herufi moja, mbili siku za kiangazi macho yake yakiwa mazuri. Alikuwa mwanafunzi mbaya. Alibishana na kila kitu. Siku tuliyofika kwenye kujaza majibu ya kweli aliweka kidole juu ya ukurasa.

"Na hivi vyeusi?"

"Viboksi vyeusi haviandikwi, Bibi."

"Nani kasema?"

"Ndiyo sheria."

"Mke mwenza, mimi maisha yangu yote naambiwa hapa usiandike, hapa weka dole gumba. Hata kwenye gazeti nililolinunua mwenyewe?"

Nikamwambia hata kwenye hilo. Hakukubali, ila alinivumilia. Kisha nikafaulu, nikapelekwa shule ya bweni, na Jumamosi zikabaki zake peke yake. Alipougua sikuwepo. Alipozikwa nilifika wameshatoka makaburini. Hayo siyasimulii, si mada ya leo.

Kwa hiyo kiroba. Nilikiburuta hadi sebuleni, na kabla sijasema neno binamu yangu Idrisa, yule wa chuo kikuu, ambaye hata akiomba chumvi anaomba kama anatoa mhadhara, akachomoa magazeti ya juu. Shangazi akasema kwa fahari, jamani mama alikuwa anayamaliza yote. Idrisa akasoma kidogo, akakunja uso, akachomoa mengine, akaanza kucheka.

"Humu hakuna neno. Bibi alikuwa hajui kusoma. Miaka yote alikuwa anatupiga fiksi."

Shangazi akawa anatafuta pa kuweka macho. Akasema kwa sauti ndogo basi wapewe wauza mihogo wakafungie, yasije yakaonwa na watu. Mama Pili alikuwa mlangoni na sinia la tende, amezeeka, barafu hauzi tena. Nikamwangalia, nikasubiri aanze.

"Mimi nililijua tangu siku ile ya kamasi," akasema. "Kabla huyu hajapenga, nilikuwa nimeshaona. Kuna mtu hapa amewahi kulisikia kwangu?"

Akaweka sinia chini. "Basi na nyie nyamazeni."

Nikaona haya, maana nilikuwa nimemchukia mama wa watu miaka mingi bila sababu, kama fundi wa Msimbazi. Halafu nikaingiza mkono ndani ya kiroba, mpaka chini, kwa sababu nilimjua Bibi. Vitu vya maana hakuwahi kuviweka juu.

Huko chini magazeti yalikuwa mengine. UNGO. KAPU. CHUYA, mkia wa Y umepinda. Majibu mengine yalikuwa sawa, mengine ameyalazimisha yaingie kwa ubabe. Na gazeti la mwisho kabisa, la wakati nipo bweni, lilikuwa tupu ukurasa mzima, isipokuwa mstari mmoja wa viboksi vinne katikati. Hakujali swali lilikuwa linauliza nini. Nikamwekea Idrisa mapajani.

"Soma hili, msomi."

Akainama. "Saud," akasoma. Akacheka tena, kidogo. "Ona. Hata jina lako kalikata. Sauda ni herufi tano, viboksi vinne."

Nikamnyang'anya, nikaliinamisha dirishani mwanga ulipige kwa ubavu. Baada ya kiboksi cha nne kulikuwa na kiboksi cheusi, na juu ya weusi ule wino wa bluu ukang'aa: A, kubwa, imekandamizwa mpaka karatasi imetoboka.

Idrisa aliitazama sana. "Lakini hapo hapaandikwi," akasema.

"Nani kasema?" nikamwambia.